Shajara ya mradi: mitaa ya kawaida ya Leicester kwa filamu nyeusi na nyeupe

Mradi huu unapiga picha vitu ambavyo mkazi wa mji wa Uingereza huvipita kila siku bila kugeuza shingo: masanduku ya barua, vibanda vya simu, mapipa ya taka ya magurudumu yaliyopangwa mlangoni, vioo vya maduka ya chipsi, matangazo ya zamani yaliyofifia ukutani. Mji ni Leicester, pamoja na miji midogo ya jirani kama Loughborough na Market Harborough. Hatua zisizo na shida zimefupishwa, na palipoharibika pameelezwa kwa kirefu ili anayetaka kufanya hivihivi mjini kwake asilipie kosa lilelile. Bei ni pauni za Uingereza tulizolipa sisi, na vitu vingi ni vya mtumba.

5 Oktoba 2024: vifaa

Kamera ni SLR (unatazama kupitia lenzi yenyewe) ya mitambo mitupu ya miaka ya 1970 yenye lenzi ya 50 mm f/1.8, pauni 95. Namba ya f ni ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga mwingi unaingia. Lenzi ya 28 mm ilijaribiwa ikawekwa kando. Kwenye mtaa mwembamba wa nyumba za matofali zilizoungana, ukiinua kamera kidogo tu kuta zinalala kwa nyuma, na kuzinyoosha baadaye kwenye kompyuta kunakula kingo za picha. Kwa 50 mm unavuka barabara, unasimama ukingo wa pili, unashika kamera bila kuielekeza juu wala chini, na kuta zinasimama wima zenyewe.

Filamu ni Ilford HP5 Plus, ISO 400 (kasi yake ya kushika mwanga), inayotengenezwa Mobberley huko Cheshire. Roli ya fremu 36 ni pauni 8 na nusu. Kasi hiyo inahitajika kweli: mchana wa Desemba wenye mawingu mazito unaweza kukupa f/5.6 kwa sekunde 1/60 na si zaidi. Kwa filamu ya ISO 100 ungekuwa kwenye 1/15, na hapo mkono hautulii.

Vingine: tangi la Paterson la kusafishia filamu na spuli mbili pauni 30, mfuko wa giza wa kupakia filamu pauni 20, kipimajoto pauni 7, mitungi miwili ya kupimia pauni 6, na dawa nne (Ilfosol 3 ya kutokeza picha, Ilfostop ya kuisimamisha hiyo, Rapid Fixer ya kuifanya picha idumu mwangani, Ilfotol ya suuza ya mwisho) pauni 42 kwa pamoja. Jumla kabla ya kununua filamu ni pauni 200. Mwenye simu nzuri anaweza kuruka sehemu yote ya dawa. Yanayohusu mwanga, mahali pa kusimama na maelezo ya picha yanamhusu vilevile.

26 Oktoba 2024: negativu nyembamba

Negativu za roli za mwanzo (filamu iliyosafishwa, yenye weusi na weupe uliogeuzwa) zimetoka nyembamba kiasi kwamba ukiziweka dirishani unasoma gazeti kupitia kwenye vivuli. Sababu zilikuwa mbili, moja imejificha nyuma ya nyingine.

Ya kwanza ni betri ya mita, yaani kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera; mengine yote ya kamera hayahitaji umeme. Kamera nyingi za kipindi hicho zilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo haziuzwi tena kwa sababu ya sumu. Madukani unapata betri ya alkali yenye umbo lilelile, lakini ni ya volti 1.5. Kwenye kamera isiyo na sakiti ya kusawazisha umeme, volti hiyo ya ziada inasukuma mshale juu, na mita inadhani kuna mwanga mwingi kuliko uliopo. Tulilinganisha mita na kamera ya dijitali kwenye ukuta mmoja wa kijivu, ISO ileile: tofauti ilipita stopu moja (kila stopu ni mara mbili au nusu ya mwanga), yaani filamu ilikuwa inapata chini ya nusu ya mwanga wake.

Dawa yake ni betri ya vifaa vya kusikia, saizi 675, aina ya zinki na hewa, volti 1.4. Pakiti ya sita ni pauni 3 dukani kwa mfamasia. Ni nyembamba kuliko nafasi yake, kwa hiyo izungushie pete ya mpira ili isicheze. Bandua kibandiko, iache dakika chache ivute hewa, ndipo uiweke. Usizibe matundu yake madogo. Ikishabanduliwa inakauka taratibu hata usipopiga picha, basi andika tarehe kwenye kipande cha utepe chini ya kamera, na ubadilishe kila baada ya miezi miwili bila kungoja mita ianze kudanganya.

Betri ilipopona, nyumba bado zilitoka nyeusi. Sababu ya pili ni mbingu. Wingu la hapa ni shuka jeupe linalong'aa kuliko kitu chochote mtaani, na likichukua theluthi ya fremu mita inapima wingu na kuusahau mlango. Elekeza kamera chini, ione lami ya njia ya miguu na nusu ya chini ya ukuta, soma mshale, weka, kisha inua upange picha. Mshale ukilalamika sasa, muache ulalamike. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili huwa stopu moja na nusu hadi mbili.

Kwa asiye na mita kabisa, viwango vya HP5 kwa kasi ya 1/500: jua kali f/16, wingu jepesi f/8, wingu zito f/5.6. Kivuli cha upande wa pili wa barabara siku ya jua ni f/5.6 au f/4. Filamu hii inasamehe ikizidishiwa mwanga, ikipunjwa haisamehi. Ukiwa na shaka, fungua stopu moja.

16 Novemba 2024: mwanga unaopenya

Alama zimeanza kuonekana: mstari mweusi kwenye negativu (mweupe kwenye picha) unaoanzia upande uleule wa fremu, mzito zaidi kwenye fremu zilizokaa muda mrefu kati ya picha moja na nyingine. Ukiona hivyo, shata (pazia linalofunguka kuruhusu mwanga) haina kosa. Ni sponji ya mlango wa nyuma. Baada ya miaka hamsini sponji hizo zinakuwa lami laini inayonata vidoleni.

Namna ya kuhakikisha bila kupoteza roli: angalia ni upande gani wa negativu, kumbuka kwamba picha imegeuka juu chini ndani ya kamera, kisha tazama kama upande huo ni wa bawaba au wa kufuli. Kwetu ulikuwa wa bawaba, ambako ndiko wengi husahau kwa kuwa mfereji wenyewe hauonekani vizuri.

Kukwangua sponji ya zamani ndiyo kazi yenyewe. Tumia vijiti vya meno vya mbao na pamba iliyoloweshwa spiriti ya isopropili. Chuma kinakwaruza rangi, na mkwaruzo unang'aa. Funika pazia la shata kwa karatasi, kwa sababu kipande cha lami kikiangukia hapo hakitoki kirahisi. Jaribio la kwanza la kujaza lilitumia sponji ya milimita 3 na mlango ukakataa kufunga. Milimita 1.5 ilitosha upande wa bawaba, na kwenye mifereji myembamba ya juu na chini uzi mweusi wa sufu uliobandikwa kwa gundi kidogo ulifanya kazi vizuri kuliko sponji. Gharama: pauni 6. Jaribu kwa roli iliyobaki fremu chache, ukiacha kamera dirishani robo saa.

14 Desemba 2024: mchana mfupi

Katikati ya mwezi huu jua huchomoza Leicester baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Hilo kila mtu hulalamikia. Linaloharibu picha zaidi ni pembe ya jua. Saa sita mchana tarehe 21 Desemba jua liko nyuzi 14 tu juu ya upeo. Kwa aliyezoea kivuli cha Mombasa kinachojikunja miguuni saa sita, hapa kivuli cha nguzo kinavuka barabara, kinapanda ukuta wa jirani na kufika dirisha la ghorofani.

Kwa hiyo mitaa ilibidi ipangwe upya kwa kutumia ramani na dira. Mtaa unaoelekea mashariki na magharibi una safu moja inayotazama kusini, nayo hupata jua kila siku ya mwangaza, na safu inayotazama kaskazini, ambayo tangu Oktoba mpaka Machi haipati hata mstari. Usiisubiri. Iandikie Juni, wakati jua linachomoza kaskazini-mashariki kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama kaskazini-magharibi baada ya saa tatu usiku, na kuta hizo zinamulikwa ubavuni mara mbili kwa siku. Mitaa ya kaskazini na kusini ni rahisi: saa sita mchana, au saa saba saa za kiangazi zikitumika, jua hupita katikati yake na kumulika pande zote mbili kwa ubavu.

Giza la mapema lina faida yake. Dakika 15 hadi 25 baada ya jua kuzama, anga lililobaki na taa za dukani hulingana, na kioo cha duka la chipsi huonyesha ndani na nje kwa pamoja: orodha ya bei, chupa ya siki kaunta, foleni. Desemba hiyo ni saa kumi na robo, watu wakiwa bado mitaani. Tulipiga f/2.8 kwa 1/30, kamera imeegemezwa kwenye nguzo ya taa. Ukitumia tripodi kwa muda mrefu zaidi, HP5 inahitaji nyongeza kila kipimo kinapozidi nusu sekunde: sekunde 2 za mita zipe 2.5, sekunde 4 zipe 6, sekunde 10 zipe 20.

Picha zenye ukungu laini wa mviringo katikati zilikuwa na sababu ya kijinga: kamera iliingizwa kwenye basi lenye joto ikitoka nje penye baridi, na lenzi ikatoka jasho. Kitambaa hakisaidii, maana unyevu unarudi. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, iache ipate joto humohumo, umande utabaki nje ya mfuko.

25 Januari 2025: sanduku jekundu, ukuta mwekundu

Masanduku ya barua ya nguzo ndiyo yaliyokula filamu nyingi. Kwa macho, sanduku jekundu mbele ya nyumba ya matofali mekundu linapiga kelele. Kwenye filamu nyeusi na nyeupe linatoweka: wekundu wa rangi na wekundu wa tofali vinatoka kijivu karibu kimoja, na unabaki na mdomo mweusi unaoelea ukutani.

Filta nyekundu ndiyo iliyojaribiwa kwanza, kwa hoja kwamba italing'arisha sanduku. Ililing'arisha, na ukuta nao ukang'aa, vyote vikapauka kama chokaa. Ya machungwa ilifanya vivyo hivyo kwa upole. Iliyotenganisha ni ya kijani. Rangi ya sanduku hairudishi kijani karibu hata kidogo, ila tofali lina manjano na kahawia ndani yake, kwa hiyo sanduku linashuka kuwa jeusi na ukuta unabaki kijivu cha kati. Ua la majani kando yake linapanda kuwa jepesi. Filta ya kijani ya mtumba, ya kuskrubu kwenye mdomo wa lenzi wa 49 mm, ni pauni 8. Inakula stopu mbili. Zihesabu mwenyewe kwa kupima bila filta kisha kufungua mbili, kwa sababu seli za mita za zamani hazioni rangi zote sawasawa.

Sasa sanduku ni jeusi, na herufi za kifalme zilizochomoza kwenye chuma hazisomeki. Hapo ndipo rangi yenyewe inasaidia, maana ni ya mafuta na inang'aa. Mwanga ukija kutoka ubavuni kwa pembe kali, kingo za herufi zinashika mstari mweupe. Siku ya wingu, sogea kushoto au kulia mpaka uone anga limejiakisi kwenye mzingo wa chuma kandokando ya herufi. Hatua mbili zinatosha. Baada ya mvua ni bora zaidi. Kwa picha ya karibu ya herufi peke yake, ondoa filta kabisa.

Herufi hizo zina kazi kwenye maelezo, kwa kuwa zinataja mtawala wa wakati sanduku lilipotengenezwa. VR ni Victoria. GR bila namba ni George V, 1910 hadi 1936. GVIR ni George VI, 1936 hadi 1952. EIIR, yaliyo mengi kuliko yote, ni Elizabeth II, 1952 hadi 2022. Yenye CIIIR, Charles III, ndiyo yanaanza kuonekana. La kwanza lilizinduliwa Great Cambourne, Cambridgeshire, Julai 2024. Ukikuta la nguzo lisilo na herufi yoyote, angalia jina la kiwanda chini kwenye kitako cheusi: masanduku ya Handyside wa Derby ya miaka ya 1879 hadi 1887 yalitoka bila herufi za malkia. Kitako hicho kipigiwe picha yake, kwa kuchuchumaa nyuma ya sanduku, ambako mara nyingi jina liko. Piga pia bamba la saa za kuchukua barua. Lina namba ya sanduku inayoanza na msimbo wa eneo, LE kwa Leicester, nayo ni anwani bora kuliko "karibu na duka la kona".

Vibanda vya simu havisumbui, kwa kuwa vioo vyake vinapitisha mwanga na umbo linajitenga. Cha kawaida ni K6 ya Giles Gilbert Scott, iliyobuniwa 1935: mistari minane ya vioo, cha katikati kipana. K2 ya 1926 ni kikubwa, ina mistari sita, na nje ya London ni adimu. Kagua kilichomo ndani kabla ya kuondoka. Vingi havina simu tena. Vina mashine ya kushtua moyo au rafu za vitabu vya kubadilishana, na hilo ndilo la kuandika.

1 Machi 2025: kusafisha filamu

Kanuni inayotumika: kwa roli moja tangi linataka ml 290. Ilfosol 3 ml 29 na maji ml 261, nyuzi 20 za selsiasi, dakika 6 na nusu. Pindua tangi mara nne sekunde kumi za mwanzo, kisha mara nne mwanzoni mwa kila dakika, na kila mara ligonge mezani ili mapovu yabanduke. Ilfostop 1+19 (sehemu moja ya dawa kwa 19 za maji) sekunde 10, Rapid Fixer 1+4 dakika 5. Kuosha kwa maji matatu: pindua mara 5, mwaga, mara 10, mwaga, mara 20, mwaga.

Yaliyoharibika. Filamu ilikwama katikati ya spuli, ikajipanda, na sehemu mbili zilizogusana hazikupata dawa. Spuli ya plastiki ikiwa na unyevu hata kidogo inang'ang'ania filamu, na mikono ndani ya mfuko wa giza inatoa jasho baada ya dakika tano. Kausha spuli kwa mashine ya nywele mapema, kata pembe mbili za mwanzo wa filamu ziwe mviringo, na ikikwama usilazimishe: weka vyote ndani ya tangi, funga kifuniko, toa mikono ipoe, kisha anza tena.

Maji ya bomba wakati wa baridi yanatoka chini ya nyuzi 10. Kuchanganya dawa kwa nyuzi 20 hakusaidii kama tangi na spuli ni baridi, kwa kuwa dakika ya kwanza joto linashuka na negativu zinatoka hafifu. Sasa tangi, dawa na chupa zote zinakaa kwenye beseni la maji ya nyuzi 21 robo saa kabla.

Madoa ya mviringo kwenye anga ni chokaa ya maji. Sehemu nyingi za kusini na mashariki mwa Uingereza zina maji magumu, na tone likikauka kwenye filamu linaacha pete yake. Suuza ya mwisho ifanywe kwa maji yaliyoondolewa madini, yale ya pasi na betri, lita 5 kwa pauni 4, pamoja na Ilfotol ml 5 kwa lita. Usipanguse kwa vidole. Tundika bafuni baada ya mtu kuoga, mvuke ukiwa umeshusha vumbi, mlango umefungwa.

Dawa ya kutokeza picha, Ilfosol 3, ikishafunguliwa huliwa na hewa. Kabla ya kila roli, tumbukiza kipande cha mwanzo wa filamu, kile kilichokatwa, kwenye dawa iliyochanganywa, mwangani. Kisipogeuka cheusi ndani ya dakika mbili, mwaga.

Gharama ya roli: filamu pauni 8.50, dawa na maji kama pauni 1.30. Fremu moja ni senti 27 za pauni.

30 Machi 2025: maelezo ya picha

Hii ndiyo sehemu iliyokuwa dhaifu kuliko zote, na hakuna lenzi inayoitibu. Nyumba za matofali zilizoungana za mtaa mmoja na wa tatu kutoka hapo ni ndugu wa tumbo moja. Negativu nzuri kabisa za Novemba zimelala ndani ya karatasi zake bila mtaa, na picha ya mlango usiojulikana uko wapi haimsaidii mtu miaka ishirini ijayo. Humphrey Spender alipopiga picha Bolton mwaka 1937 na 1938 kwa ajili ya Mass-Observation, mradi wa kuchunguza maisha ya kila siku ya Waingereza, kamera ikiwa imefichwa kotini, alikuwa anapiga watu baani na nguo kambani. Leo mtazamaji anasoma humo mabango, kofia na bei. Kinachofanya zisomeke ni kwamba zinajulikana ni wapi na lini.

Utaratibu uliobaki baada ya mingine kushindwa: kila unapoingia mtaa, piga kwa simu kibao cha jina la mtaa, na kila fremu ya filamu ifuatishwe na picha moja ya simu kutoka palepale. Simu inaweka mahali na saa. Daftari lilijaribiwa, kwenye mvua wino unatambaa, na kwenye baridi hakuna anayevua glavu kuandika. Daftari sasa linabeba mambo ambayo simu haioni: upande unaotazama, namba shufwa au witiri, filta, na kilichoandikwa kwenye kibao ambacho hakisomeki pichani.

Angalizo la leo: saa za Uingereza zimesogezwa mbele alfajiri hii. Simu imejirekebisha, kamera ya dijitali na saa ya mkono hazijui. Ukioanisha fremu kwa saa, kila kitu kitapishana kwa saa nzima, na fremu ya kanisa itapata jina la duka la kufulia.

Jina la faili: tarehe, roli, fremu, kwa mfano 20250125-R07-22. Maelezo yaandikwe ndani ya faili lenyewe kwenye sehemu za IPTC (nafasi za maandishi zilizomo ndani ya faili la picha), yasiachwe kwenye jina la folda tu, kwa sababu folda hubadilishwa majina. Weka pia rejea ya gridi ya ramani ya Ordnance Survey. Katikati ya Leicester ni SK5804. Mfano wa maelezo yanayotosha: "Belgrave Road, dirisha la mgahawa, upande wa mashariki, saa kumi na robo jioni, mvua nyepesi. Ubao wa bei una mogo wa kukaanga chini ya chipsi. Karatasi ya 'kinapangishwa' ghorofa ya juu." Mihogo hiyo ilifika mjini hapa pamoja na familia za Kihindi zilizotoka Kenya, Tanzania na Uganda, zile za Uganda nyingi baada ya kufukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na ubao kama huo hubadilishwa mwenye duka akibadilika. Sogea nyuma kiasi cha kuuacha usomeke na mlango wa jirani uonekane.

17 Mei 2025: watu, milango na sheria

Barabarani Uingereza unaruhusiwa kupiga picha, watu wakiwemo. Kifungu cha 62 cha sheria ya hakimiliki ya 1988 kinaruhusu majengo na sanamu zilizowekwa kwa kudumu mahali pa umma. Hakitaji michoro ya ukutani: ukipiga mtaa mzima wenye mchoro huna shida, ukiujaza mchoro peke yake kwenye fremu na kuuza nakala, hakimiliki ni ya mchoraji. Polisi hawana mamlaka ya kukufutia picha bila amri ya mahakama.

Sehemu zinazochanganya ni zile zinazofanana na barabara na si barabara. Majengo ya maduka ya ndani, na viwanja vingi vipya vilivyowekwa mawe mazuri na viti, ni mali binafsi, na mlinzi akisema acha, unaacha. Dalili ni bamba dogo la shaba au alama ya mpaka chini kwenye mawe. Stesheni za reli kwa kawaida hazina neno kwa picha za binafsi, ila usitumie flashi, na tripodi ni shari.

Mengine ni adabu. Sokoni muulize mwenye meza kabla, nunua kitu, na piga bei zilizoandikwa kwa mkono pamoja na mikono inayopima. Shule zikitoka, kamera mfukoni. Mtu akikutazama kwa mashaka mbele ya nyumba yake, mwonyeshe sanduku la barua unalolipiga na umtajie herufi zake. Mara nyingi ataanza yeye kukueleza la mtaa wa pili. Namba za magari tunazifunika kwenye nakala za kuonyesha, siyo kwenye faili la kuhifadhi.

21 Juni 2025: kuskani

Skana ya mezani ilikuwa inaacha pete za rangi palipogusana kioo na filamu, kwa hiyo kazi ilihamia kwenye kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro 1:1 (inayopiga kitu kidogo kwa ukubwa wake halisi) juu ya paneli ya taa, pauni 40. ISO 100, f/8, taa za chumbani zimezimwa.

Skani za kwanza zilikuwa kali katikati na laini kona moja. Kufunga zaidi mpaka f/16 kulilainisha picha yote na kona ikabaki vilevile. Kosa lilikuwa kamera kutokuwa sambamba na filamu. Kipima-usawa cha simu hakitoshi. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa filamu, tazama kupitia kamera, na rekebisha mpaka lenzi ijione katikati kabisa ya picha. Ondoa kioo, weka filamu, usiguse tripodi.

Filamu ikae sentimita 2 au 3 juu ya paneli, ili vumbi na chembechembe za plastiki ya paneli zitoke nje ya fokasi. Upande wa dawa, ule usiong'aa, uelekee kwenye lenzi, kisha geuza picha kushoto kulia. Vibao vya maduka vitakuambia haraka kama umesahau. Kugeuza negativu kuwa picha tunatumia programu ya darktable, moduli ya negadoctor, ni ya bure. Weka kiwango cha weusi kwenye kipande cha filamu tupu kati ya fremu mbili, mara moja kwa roli, kisha nakili kwa zote. Ukiiacha programu ijipimie kila fremu, barabara ileile inageuka ya mchana kwenye fremu moja na ya magharibi kwenye inayofuata.

12 Julai 2025: kuta za kaskazini, na linalofuata

Safu zilizoandikiwa Juni zimepigwa, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Faida ambayo haikutarajiwa ni kwamba magari bado yameegeshwa lakini hayapiti. Hasara: mapipa ya taka yanatolewa usiku wa kuamkia siku ya kuzoa, na ukienda siku nyingine mtaa unaonekana msafi kuliko ulivyo. Angalia ratiba ya kuzoa ya mtaa husika, ipo kwa msimbo wa posta.

Matangazo ya zamani yaliyopakwa kwenye matofali yalikataa kusomeka kwenye jua kali, hata kwa filta. Yalisomeka ukuta ukiwa umelowa, ndani ya nusu saa baada ya mvua kukatika, wingu bado limefunga. Tofali linashika maji na kuiva, rangi ya zamani yenye risasi inabaki nyepesi. Pima kwenye tofali, punguza stopu moja.

Hatua inayofuata ni kurudia fremu zilezile Oktoba hadi Oktoba. Kwa ajili hiyo, kuanzia roli inayofuata daftari linaongezwa safu tatu: urefu wa kamera kutoka chini kwa sentimita, umbali wa miguu kutoka kitu kisichohamishika kama kifuniko cha mtaro au bamba la bomba la zimamoto, na kitu gani kimegusana na ukingo wa kushoto wa fremu. Fremu za nyuma zinajaziwa kwa kuzirudia mahali zilipopigwa, tukianza na zile za masanduku, kwa kuwa namba ya bamba inatuambia pa kwenda.